Kumtoa mtu nje na kunyamaza naye

Nikisema nafanya huduma ya kiroho watu wanaelewa fasta, wanamjua yule mtu anayepita wodini akakaa pembeni ya kitanda cha mgonjwa, au anayeingia gerezani, au anayeitwa usiku wa manane mtu akiwa anakata roho. Shida inaanza nikiongeza kwamba sehemu kubwa ya hiyo kazi mi naifanya nje, chini ya miti, kando ya maji, na kama hamna kingine basi kwenye kile kipande cha nyasi nyuma ya jengo karibu na wanapopaki magari. Hapo sura zinabadilika. Mmoja atadhani ni utalii, mwingine atadhani tunaabudu miti, halafu kuna wale wa tatu, hawa ndo wananichosha zaidi, wanaosema aaah kumbe unawapeleka watu wakapunge upepo.

Kupunga upepo ni jambo zuri, sina ugomvi nalo. Ila mtu ambaye juzi tu kazika mtoto hajaja kwako umpeleke kupunga upepo. Anatafuta pa kukaa na hayo maumivu bila kuharakishwa, na hapo ndipo nina la kusema, manake sisi wahudumu wa kiroho tuna ugonjwa mmoja wa kujibu. Mtu akifungua tu mdomo kuuliza kwa nini Mungu kaniacha hivi, sisi tayari tumeshika aya, tumeshika ushuhuda wa fulani aliyepitia hayohayo akatoka salama, yaani jibu linafika kabla swali halijaisha. Mti haujibu. Mlima unaweza kuulilia asubuhi nzima na hautakwambia kazi ya Mungu haina makosa. Na kwa jinsi nilivyoona mimi, watu wanatoa ukweli wao mapema zaidi mbele ya kitu ambacho hakina haraka ya kuwarekebisha.

Hili si jambo jipya kabisa, tena limeandikwa kwenye kitabu ambacho wengi tunacho nyumbani. Ayubu kapoteza mali, watoto, afya, rafiki zake wakaja, wakakaa naye chini siku saba usiku na mchana hakuna aliyesema neno. Mpaka hapo wako vizuri kabisa. Ni wahudumu wa mfano! Halafu wakafungua midomo, na kuanzia hapo ni sura baada ya sura za watu wazima wakimweleza mgonjwa kwamba lazima kuna dhambi amefanya. Sasa Mungu anapoingia kuongea mwishoni, angalia anaongea nini: habari za mvua inayonyesha jangwani pasipo na mtu, mbuzi wa majabalini wanavyozaa, punda wa porini aliyekataa kufungwa, mbuni anayeacha mayai yake mchangani kana kwamba si yake. Hakuna hata sentensi moja inayoeleza kwa nini watoto walikufa. Nimesikia mahubiri mengi yanayojaribu kuziba hilo pengo kwa nguvu, mi naona liachwe hivyohivyo. Ayubu alitolewa nje, akaonyeshwa dunia kubwa ambayo haizunguki kwenye jeraha lake, na sijui kwa nini hilo linasaidia ila wodini na nje ya wodi nimeona linasaidia.

Na Eliya je. Kakimbia, kachoka, kaketi chini ya mretemu jangwani anaomba afe. Malaika anakuja na hamuulizi maswali ya imani, anamwachia alale, anamlisha, anamwachia alale tena. Usingizi, chakula, maji, kivuli. Ukiwa unafundisha watu hii kazi hapo una somo la wiki nzima.

Upande wa mafunzo rasmi, huduma ya kiroho ya hospitalini kama tunavyoijua leo inadaiwa sana na Anton Boisen, mchungaji wa Marekani ambaye mwenyewe alishawahi kulazwa hospitali ya magonjwa ya akili, halafu akarudi akawa chapleni, yaani mhudumu wa kiroho wa hospitali, na mwaka 1925 akaanza kuwafundishia wanafunzi wa theolojia wodini kwenye hospitali ya Worcester kule Massachusetts. Wazo lake lilikuwa kwamba mtu anayeteseka asomwe kwa makini uleule tunaosomea maandiko matakatifu. Sijawahi kupata wazo bora kuliko hilo kwenye hii kazi. Mimi naongeza kitu kimoja tu, kwamba huyo mtu ana mahali. Fomu ya hospitali inauliza dini, inauliza ndugu wa karibu, haiulizi ni mto gani uliogelea ukiwa mtoto, au ni mti gani ulikuwa unapanda ukitaka kukimbia makelele ya nyumbani. Mi nauliza. Nauliza mapema kabisa, mara nyingi hata kabla ya habari za dini, na kuna watu waliokuwa wamejifunga kama mlango wa chuma ambao kwa swali hilo moja wameongea mpaka nesi akaja kutuambia muda wa wageni umeisha.

Basi ikifika siku ya kutoka nje inakuwaje. Kwanza hakuna kutoka bila ridhaa, na ridhaa si kusema "eti twende nje kidogo" ukiwa umeshashika kiti cha magurudumu. Unamweleza tunaenda wapi, tutakaa muda gani, akitaka kurudi anasema tu neno moja tunageuka. Unaongea na nesi au daktari wake kabla. Unaikagua sehemu mwenyewe, njia ina mashimo? kuna kivuli? siafu je? nyuki? kuna choo karibu? (msicheke, mzee mwenye matatizo ya kibofu hawezi kuongea na Mungu wala na wewe kama anawaza choo kiko wapi). Na kitu ambacho wengi wanasahau kabisa ni siri. Ndani ya ofisi unafunga mlango, nje hamna mlango, anapita mtu wa usafi, anapita jirani yake anayemjua, kwa hiyo mnakubaliana mapema akitokea mtu tunafanyaje, tunanyamaza, tunabadilisha stori, au tunaendelea. Nikiwa na mwanamke peke yake au na kijana mdogo nakaa sehemu ambayo tunaonekana ila hatusikiki. Hilo sibishani na mtu, hata aseme nazidisha.

Tukishafika naongea kidogo sana. Naweza kusema angalia ni kitu gani kinakuita macho, nenda nacho, chukua muda wako, mi nipo hapa. Basi. Wengine wanaenda moja kwa moja kwenye jiwe au kisiki kana kwamba walikuwa na miadi nacho, wengine wanakaa tu wanachezea nyasi, wengine wanatoa simu, na nikiona simu sisemi kitu. Baadaye nauliza swali moja. Huwa ni "umekutana na nini?" na si "umejifunza nini?", manake ukimuuliza mtu kajifunza nini atakutafutia jibu la darasani, atakwambia mti umenifundisha uvumilivu, na mtajisikia vizuri wote wawili na hakuna kilichotokea.

Hapo kuna mtego mwingine, wa mhudumu kutafsiri. Mama mmoja alikaa muda mrefu mbele ya mti uliopigwa na radi, nusu umekauka nusu una majani. Mhubiri yeyote anaona mahubiri hapo yamejiandika yenyewe, si ndio? Nilikuwa nayo mdomoni tayari, habari za maisha kuendelea. Nikameza mate. Yeye alipoongea akasema anaona upande uliokauka bado umesimama, hakuna aliyekuja kuukata, na yeye tangu mume wake afariki kila mtu anataka kumkatia hiyo sehemu iliyokufa ili aonekane mzima. Mi mahubiri yangu yangekuwa ni msumeno mwingine tu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wanaopenda hizi huduma hawapendi kulisema, kwamba hayo mazingira tunayoyasifia yanaua. Ukisoma mabango ya semina za namna hii utaona jua linachomoza, maua, kipepeo, kila kitu kinaponya. Mwambie hayo mtu ambaye mafuriko yamebeba nyumba ikiwa na watu ndani. Mwambie aliyepoteza mdogo wake baharini. Kwa huyo sauti ya maji si utulivu, ni siku ile ile imerudi, na mhudumu asiyeuliza kwanza atamkalisha mtu kando ya mto akidhani anamtuliza kumbe anamrudisha kwenye janga. Kwa hiyo lile swali la mahali ninalouliza mapema lina upande wa pili, kuna sehemu ambayo hutaki kuiona? Na mtu akisema ndiyo, hiyo siigusi mpaka yeye mwenyewe aiguse, hata ikichukua mwaka, na kama hataki kamwe basi kamwe. Akianza kuonyesha dalili kwamba tukio linajirudia kichwani kila siku, halali, anashtuka hovyo, hapo namsindikiza kwa mtaalamu wa afya ya akili, naendelea kuwa naye ila sijifanyi naweza kila kitu.

Lakini pia nimeona mtu akitaka kwenda kuugombeza mto. Kweli kabisa, kuugombeza, kwa jina la yule ambaye mto ulimchukua, kwa sauti, na mawe akarusha. Nilisimama nyuma yake hatua chache nikahakikisha hatelezi. Zaburi zimejaa watu wanaomfokea Mungu na hakuna aliyewafuta kwenye kitabu, mto nao unaweza kufokewa, hautaumia.

Halafu kuna huzuni ya kinyume, ambapo si mazingira yamemuua mtu bali mtu analia kwa sababu mazingira yenyewe yamekufa. Hii watu wanaionea aibu. Utasikia "najua ni ujinga, ni msitu tu". Mwanafalsafa wa Australia Glenn Albrecht aliikuta kwa watu wa bonde la Hunter, wamezungukwa na machimbo ya makaa ya mawe ya juu ya ardhi, hawajahama popote, wako kwenye nyumba zilezile ila wanaitamani nyumbani kwao kama mtu aliye ugenini, akaipa jina solastalgia mwaka 2003. Kuna nafuu fulani mtu akijua kwamba alichonacho kimeshaonekana kwa wengine na kina jina, haidhuru jina lenyewe likoje.

Huzuni ikikosa ibada inazunguka tu mwilini. Ndo maana nilifuatilia sana yale ya Iceland, Agosti 2019, watu walipopanda mlima kuiaga barafuto ya Okjökull, lile barafu kubwa la mlimani ambalo wanasayansi walishalitoa kwenye orodha ya barafuto mwaka 2014 kwa sababu lilikuwa limepungua hadi haliwezi kusogea tena. Waziri mkuu wa nchi alikuwepo, wakaweka bamba la shaba lenye barua kwa watu wa baadaye. Mwezi uliofuata Uswisi wakafanya mazishi ya barafuto ya Pizol, watu wamevaa nyeusi wanapanda mlima, na mtumishi wa kanisa akiwepo. Kuna waliocheka, wakasema ni maigizo ya wanaharakati. Sawa, kamera zilikuwepo na ujumbe wa kisiasa ulikuwepo, sikatai. Ila kila mazishi yana maigizo ndani yake, ndo yanavyofanya kazi, unavaa nguo fulani unatembea taratibu unasimama sehemu moja na wenzako na mwili unaelewa kwamba kitu kimeisha. Mimi nimefanya vidogo zaidi ya hivyo, mti mmoja wa zamani kwenye kiwanja cha taasisi fulani ulikatwa kupisha jengo, wazee waliokuwa wanakaa chini yake kila siku hakuna aliyewaambia, walikuta tu pako wazi. Tulikusanyika kwenye kisiki, kila mmoja akasema alichowahi kufanya chini ya ule mti. Mmoja aliposwa hapo. Mwingine alisema hapo ndipo alipokuwa anakaa kuvuta sigara akimdanganya mkewe kwamba yuko ibadani, tukacheka mpaka machozi yakawa hayaeleweki ni ya nini.

Watu wa hospitali wao wanataka ushahidi, na wana haki. Huwa nawatajia ule utafiti wa Roger Ulrich uliotoka mwaka 1984 kwenye jarida la Science, alichukua rekodi za wagonjwa 46 waliotolewa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, nusu dirisha lao linaangalia miti, nusu linaangalia ukuta wa matofali. Wa miti walikaa wastani wa siku 7.96 baada ya operesheni, wa ukuta 8.70, na wa miti walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache zaidi. Upo pia wa Uingereza wa mwaka 2019 wa watu karibu 20,000, waliotumia angalau dakika 120 kwa wiki kwenye mazingira ya asili walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema wana afya nzuri na wanaridhika na maisha kuliko wasiotoka kabisa. Nawatajia, wanafurahi, wananipa ruhusa ya kutumia bustani. Ila kimoyomoyo najua namba hizo haziongelei kazi yangu. Ule wa kwanza ni watu wachache, wa pili hausemi ni kutoka nje kulikowapa afya au wenye afya ndo wanaotoka. Na hata zingekuwa imara mara kumi, mimi siko pale kumtoa mtu wodini siku moja mapema. Wengine ninaokaa nao hawatatoka. Wajapani walivyoanzisha ule utaratibu wao wa kuoga msitu, yaani kukaa na kutembea taratibu msituni, mwaka 1982 kupitia idara ya misitu waliulenga kwenye afya na stresi, ni kitu kizuri, nakipenda, ila anayekufa haogi msitu ili presha ishuke.

Kwa wasioweza kutoka tunaingiza nje ndani, na hapa kuna sheria, usiende na shada la maua wodini ukajiona malaika. Wagonjwa ambao kinga yao imeshuka sana, waliopandikizwa uboho kwa mfano, hawatakiwi kuwa karibu na udongo wala maji ya vase kwa sababu ya fangasi na bakteria, uliza kwanza. Jiwe lililosafishwa vizuri mara nyingi linaruhusiwa. Kitanda kugeuzwa kikaangalia dirisha hakigharimu kitu na unashangaa ni mara ngapi hakuna aliyewahi kufikiria, mtu kalala miezi anaangalia mlango wa choo. Na kama dirisha linaangalia ukuta basi kuna anga kidogo juu yake, au kuna sauti ya mvua, au unamwomba akupeleke yeye, kwa maneno, kwenye ile sehemu aliyokutajia, njia inapita wapi, upande gani kuna kivuli saa hizi, unamfuata kwa maswali madogomadogo mpaka mfike. Hii ya mwisho naipenda kuliko zote na haihitaji kibali cha mtu.

Nimalizie la kuabudu miti maana nalipata kutoka pande zote mbili. Mkristo anayenihofia namwambia afungue Zaburi ya 148, mule jua, mvua ya mawe, miti ya matunda na wanyama wote wanaamriwa wamsifu Bwana, sasa kama vinasifu, kukaa navyo ni kukaa kwenye ibada iliyoanza bila wewe. Mwislamu anayenihofia namkumbusha Sura Al-Israa, kwamba mbingu saba na ardhi na vilivyomo vinamtakasa Mwenyezi Mungu ila sisi hatufahamu namna ya kutakasa kwao. Na yule asiye na dini kabisa simwambii lolote kati ya hayo, namfuata anapokwenda. Kuna Hadithi ya Mtume kwamba Kiyama kikikukuta na mche mkononi, ukiweza kuupanda basi upande, na hiyo huwa nawapa vijana wanaonijia wamekata tamaa kabisa na hali ya hewa ya dunia, wanauliza kuna maana gani kuzaa, kuna maana gani kusoma. Siwapi kwanza. Kwanza nakaa nao kwenye hiyo kukata tamaa, manake ukimkimbizia kijana mche kabla hajamaliza kulia anajua unataka tu anyamaze.

Na kuna wanaouliza kama inawezekana kwa simu. Inawezekana, kipindi cha korona wengi tulilazimika na tukagundua si mbaya. Yeye anatoka nje kwake au anasimama dirishani, mimi kwangu, spika imewashwa, picha imezimwa kwa sababu ukiwa na picha anakuangalia wewe badala ya kuangalia kilichopo. Shida ni moja, ukimya ukirefuka mtu anadhani laini imekatika anaanza halo halo. Kwa hiyo tunapanga kabla hatujaanza, kila baada ya muda nagonga simu kwa kidole mara moja, nipo, naye akitaka anagonga, na kama kifurushi kinakaribia kuisha aseme mapema nipige mimi.